Oberlin: Mji Mdogo Wenye Mlango Mpana

Ukiikunjua ramani ya Marekani itakubidi uvae miwani ndipo uuone mji wa Oberlin. Uko katika jimbo la Ohio, kusini ya Ziwa Erie, kiasi cha kilomita 55 kutoka jiji la Cleveland. Wakaazi wake hawafiki elfu kumi, na wengi katika hao ama ni wanafunzi wa chuo, ama ni watu ambao riziki yao yatokana na chuo hicho. Hauna bandari, hauna kiwanda kikubwa, wala hauna jengo refu la kumfanya mgeni ashike kofia yake akiinua kichwa. Na hata hivyo, msomaji mpenzi, jina la mji huu limeandikwa katika historia ya watu weusi, katika historia ya wanawake, katika historia ya ukombozi wa Afrika, na hata katika historia ya jiko la mama yako. Nitaeleza moja baada ya moja.

Niliufikia mji huo katikati ya Januari, na Januari ya kule si Januari yetu. Kwetu huu ni mwezi wa kaskazi: jua lawaka, maembe yamejaa soko la Kongowea, na watu huvuta majamvi wakalala uani kutafuta upepo. Kule ni kitovu cha majira ya baridi. Miti imepukutika majani yote, imebaki vijiti vitupu kama mifupa ya samaki aliyekwisha liwa. Jua huchomoza karibu na saa mbili za asubuhi, likapita chini chini kwa kujikokota kama mgonjwa, na kabla ya saa kumi na moja u nusu za jioni limekwisha zama.

Kilichonipeleka huko ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyepata nafasi ya kusoma katika chuo cha mji huo, na chuo chenyewe kikamchukulia sehemu kubwa ya karo. Dada yangu aliposikia kwamba nina safari ya Marekani kwa shughuli za uandishi, alinijia na mfuko. Ndani mlikuwa na halua, kashata za nazi, achari ya embe iliyofungwa karatasi juu ya karatasi, na kikoi kipya. Akaniambia: "Kaka, kila wiki namuona kwenye simu, lakini simu huonyesha uso tu. Wewe nenda ukaniangalilie mtu mzima. Kisha unijie na jawabu moja: bado ni mwanangu, ama amekwisha kuwa wa watu?"

Hilo ni swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za Pwani siku hizi. Watoto wetu wako Ohio, wako Toronto, wako Muskat, wako London. Na kila mama ana simu mkononi na swali moyoni.

THELUJI, CHUMVI NA KINDI

Niseme kidogo juu ya baridi, kwani aliyeisoma vitabuni tu bado hajaijua. Theluji haina mshindo. Mvua yetu hupiga mabati ikakuamsha usingizini. Theluji hushuka usiku kucha bila ya kubisha hodi, na asubuhi ukifungua pazia waukuta mji mzima umevaa kanzu iliyotoka kwa dobi. Kila neno utamkalo hutoka na moshi, hata mimi nisiyevuta sigara nikawa nafuka kama jiko la makaa. Ukiingia ndani ya nyumba, miwani hushika ukungu, ukawa kipofu mlangoni huku watu wanakukaribisha.

Jambo lililonichekesha ni chumvi. Usiku magari ya baraza la mji hupita yakiimwaga chumvi barabarani kama mkulima anayetupa mbegu, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji ya kisima, na barafu ikinyunyizwa chumvi huyeyuka. Sisi tulio na mashamba ya chumvi kule Gongoni na Ngomeni twaweza kudhani hiyo ni israfu. Lakini wenzetu wana ghala chini ya miguu yao. Pale Cleveland, chini ya Ziwa Erie, pana mgodi wa chumvi ulioshuka zaidi ya mita 500, nayo ni mabaki ya bahari iliyokauka kabla ya kuumbwa binadamu. Ukanda ule hauna bahari, lakini kila majira ya baridi watu wake hutembea juu ya chumvi ya bahari ya kale.

Katikati ya mji pana uwanja mpana wenye miti uitwao Tappan Square. Humo hukimbia kindi weupe pe, ambao wenyeji huwahesabu kuwa ni alama ya mji wao. Juu ya theluji huwaoni mpaka watikise mikia.

Januari mji huwa kimya zaidi, kwani chuo kina desturi, tangu mwaka 1969, ya kuuacha mwezi huo bila ya masomo ya kawaida. Kila mwanafunzi hujichagulia jambo moja la kujifunza kwa juhudi zake mwenyewe: huyu hujifunza kufinyanga, yule huandika tamthilia, mwingine husafiri akafanya kazi hospitalini. Mpwa wangu alikuwa amebaki, ana utafiti wake wa maktabani. Kwa hivyo tulipata nafasi ya kutembea na kuzungumza.

MLANGO WA KHUFFU MBILI

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzangu tuliosoma chuoni, namaanisha chuo cha Korani, watalifahamu mara moja. Tulipokuwa wadogo tukikaa mkekani mbele ya mwalimu, tulisomeshwa katika fikihi mlango wa kupangusa khuffu mbili, yaani vile viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo vya miguu. Tulifundishwa kwamba aliyevivaa hali ana udhu kamili aweza kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu; mkaazi kwa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri kwa michana mitatu na masiku yake. Tuliukariri mlango huo kwa sauti, tukaonja bakora tulipoukosea. Wala hapana hata mmoja wetu aliyeiona faida yake, kwani sote tulikuwa miguu mitupu, na maji ya mtungi katika joto la Mombasa yalikuwa ni starehe, si mtihani.

Ilipita miaka zaidi ya arobaini. Alfajiri yangu ya kwanza Oberlin, na nje barafu imening'inia katika mapaa kama meno ya papa, nilipitisha vidole vilivyolowa juu ya ngozi ya khuffu, nikamkumbuka mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Yeye mwenyewe hakupata kuiona theluji maisha yake yote. Alitupa elimu ambayo hakuihitaji, nasi hatukuihitaji, akaiacha ikae. Mtu husomeshwa leo kwa ajili ya siku asiyoijua.

Kuna na kibla. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa ramani, ndiyo maana sisi huelekea kaskazini. Mtu akiwa Ohio, akili humwambia kwamba Makka iko mashariki na kusini kidogo. Lakini dunia ni mviringo, na njia ya mkato kutoka Ohio hadi Makka huanzia kaskazini-mashariki, ikapita juu ya Bahari ya Atlantiki. Asiyesadiki na achukue uzi, aunyooshe juu ya tufe la darasani, atajionea. Nilipoingia chumbani kwa mpwa wangu nilikuta kipande kidogo cha karatasi kimebandikwa ukutani, upande huo hasa, na chini yake umekunjwa mswala. Sikusema neno. Nilijua kwamba nusu ya jawabu la dada yangu nimekwisha ipata.

Na nyakati nazo zina taabu yake. Adhuhuri huingia saa sita u nusu na kitu, alasiri saa tisa, na magharibi kiasi cha saa kumi na moja na dakika ishirini. Sala tatu zafuatana ndani ya muda usiotimia saa tano. Ukizama katika kitabu maktabani, utainua kichwa ukute giza. Kwa upande wa pili, funga ya sunna ni nyepesi: mchana mfupi, kiu hakuna. Tulisomeshwa kwamba baridi ni ngawira ya mwenye kufunga, na kule nikaiona ngawira yenyewe. Siku ya Ijumaa tulikwenda kwa gari hadi msikiti mkubwa wa Parma, kando ya Cleveland, tukasali bega kwa bega na Waarabu, Wahindi, Wasomali na Wamarekani weusi, wote wamevua makoti mazito na kuyarundika kama magunia ya karafuu.

KURA YA MWAKA 1835

Chuo cha Oberlin na mji wake vilizaliwa pamoja mwaka 1833, katikati ya msitu na matope. Waanzilishi walikuwa watu wa kanisa, John Jay Shipherd na Philo Stewart, na jina walilichukua kwa mchungaji mmoja wa Alsace, Ufaransa. Haikupita miaka miwili chuo kikaishiwa na fedha. Walimu na fedha vikapatikana, lakini vilikuja na sharti, na aliyekuwa mbele katika kutoa ni Arthur Tappan, tajiri wa New York, ambaye uwanja ule wa kindi umeitwa kwa jina la ukoo wake. Sharti lilikuwa hili: mwanafunzi mweusi apokewe sawa na mweupe.

Februari 1835, katika baridi kama ile niliyoikuta, wadhamini walikutana kuamua. Kura zikalingana. Mwenyekiti wao, John Keep, akapiga kura ya kukata shauri, na mlango ukafunguka. Mwaka 1837 wanawake nao wakaingia katika masomo ya shahada. Mwaka 1862 Mary Jane Patterson alipata shahada yake hapo, na yeye ahesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika daraja hiyo.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu si kisa cha malaika. Ndani yake mna deni, mna sharti la tajiri, mna watu walioogopa watasemwaje, na mna kura moja tu iliyozidi. Kheri nyingi za dunia hupenya katika tundu dogo kama hilo.

Mtihani wa mlango ulikuja Septemba 1858. Siku zile sheria ya Marekani ilisema kwamba mtumwa aliyekimbia, hata akifika katika jimbo lisilo na utumwa, ni lazima arudishwe kwa bwana wake, na amsaidiaye ni mhalifu. Kijana mmoja, John Price, alikuwa ametoroka Kentucky akaja kuishi Oberlin. Wasaka watumwa wakamhadaa, wakamtoa nje ya mji, wakampeleka hadi Wellington, mwendo wa kilomita kama 15, wakamfungia hotelini kungoja gari la moshi. Habari zilipofika, mji ulitoka. Wanafunzi, walimu, mafundi, wenye maduka, weusi kwa weupe, waliizunguka hoteli mpaka wakamtoa. Akafichwa nyumbani kwa mwalimu James Fairchild, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa chuo, kisha akavushwa hadi Kanada.

Serikali iliwashitaki watu 37. Wawili walihukumiwa: Simeon Bushnell, mweupe, na Charles Langston, mweusi. Huyu Langston ndiye babu, mzaa mama, wa mshairi Langston Hughes. Mimi kama mtunga mashairi niliposimama katika mitaa ile nilifurahi kujua kwamba ushairi ule mashuhuri ulikuwa na babu aliyekubali kulala jela kwa ajili ya mtu asiyekuwa ndugu yake.

Sisi watu wa Pwani hatuwezi kuisoma habari hii kama kwamba ni ya wengine. Utumwa ulikuwa katika majumba yetu, na katika mashamba ya Malindi, Takaungu na Unguja. Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kila apitaye Kengeleni, Mombasa, hupita penye kumbukumbu ya wale walioachwa huru wakakaa Frere Town. Katika mababu zetu wako waliofunga mlango, na wako waliougonga. Na katika nyumba nyingi damu zote mbili zimo, ijapokuwa moja hutajwa harusini na ya pili hunyamaziwa.

SUFURIA YA MAMA

Sasa lile jambo la jikoni nililoliahidi. Mwaka 1885 kijana wa Oberlin jina lake Charles Martin Hall alimaliza masomo yake katika chuo hicho. Mwalimu wake wa kemia, Frank Fanning Jewett, alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba atakayevumbua njia rahisi ya kutoa alumini atawafaa walimwengu na kujifaa mwenyewe. Siku hizo alumini, ingawa imejaa ardhini, ilikuwa ghali mno, kwani haiachani na udongo wake kwa moto wa kawaida. Wamarekani walipoumaliza mnara wa Washington mwaka 1884, waliuvika kileleni kipande cha alumini, kama sisi tungeweka kipande cha fedha.

Hall alifanya karakana katika kibanda cha kuni, nyumbani kwa wazazi wake, naye dada yake Julia, aliyekuwa amesoma kemia, akimsaidia. Tarehe 23 Februari 1886, akiwa na umri wa miaka 22, alipitisha umeme wa betri alizojitengenezea ndani ya madini yaliyoyeyushwa, na chini ya chombo zikabaki shanga ndogo za alumini. Mwaka huo huo Mfaransa Paul Héroult aliivumbua njia hiyo hiyo peke yake. Viwanda vya dunia vingali vikiitumia, nayo huitwa kwa majina yao wawili. Hall alipofariki mwaka 1914 aliachia chuo chake sehemu kubwa ya mali yake, na chuo kina sanamu yake iliyotengenezwa kwa madini yale yale.

Neno letu sufuria asili yake ni Kiarabu, sufr, maana yake shaba. Bibi zetu walipikia sufuria za shaba zilizopakwa bati ndani, na aliyekuwa nazo tatu alionekana tajiri. Leo jina limebaki lakini madini yamebadilika, na hata fukara ana sufuria. Jioni moja mpwa wangu alinipikia pilau katika sufuria ya alumini, mwendo mfupi tu kutoka pale palipokuwa na kibanda kile. Pilau ilikuwa na bizari ya kutosha, ila mchele ulishika chini kidogo. Nikala ukoko wote.

KIJANA KUTOKA GAZA YA MSUMBIJI

Mwaka 1951 aliingia Oberlin mwanafunzi mwenye umri wa miaka 31, mzaliwa wa wilaya ya Gaza, kusini mwa Msumbiji. Jina lake Eduardo Mondlane. Alikuwa amefukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949 baada ya serikali ya ubaguzi kushika madaraka. Akasoma Lisbon kwa muda, na huko askari wa siri wa Ureno hawakumpa raha. Oberlin ilimpokea, na mwaka 1953 akapata shahada yake ya elimu ya jamii. Akaendelea mpaka udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akafanya kazi katika Umoja wa Mataifa, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto, alikuwa na mshahara. Angeweza kukaa.

Hakukaa. Mwaka 1962 alikuja Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa FRELIMO. Tarehe 3 Februari 1969, mumo humo Dar es Salaam, alifungua furushi lenye kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Aliuawa na kitabu mtu ambaye maisha yake yote aliyajenga kwa vitabu. Msumbiji ilijikomboa tarehe 25 Juni 1975, na chuo kikuu cha Maputo kimepewa jina lake.

Nilisimama katika uwanja ule wa theluji nikawaza: kijana yule wa nchi ya joto alivuka hapa majira ya baridi akiwa na vitabu kwapani, naye hajui kwamba njia yake itaishia Dar es Salaam, kando ya bahari yetu. Mji haukumtengeneza, alikuja akiwa mtu mzima mwenye msimamo wake. Lakini ulimfungulia mlango wakati ambapo serikali mbili zilikuwa zimemfungia.

NA SISI TUNA RIYADHA

Asije mtu akadhani kwamba nasifu cha wageni nikasahau cha nyumbani. Sisi pia tulikuwa na mji wetu mdogo wa chuo, nao ni Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 alitokea Habib Swaleh, Sharifu mzaliwa wa Ngazija, akasomesha hapo mpaka ukasimama Msikiti wa Riyadha na chuo chake. Wakati ule wako wakubwa walioona kwamba elimu ya dini ni ya watu wa ukoo, si ya kila mtu. Habib Swaleh alikaa na wanyonge, akawasomesha watoto wa waliokuwa watumwa na wageni waliokuja kutafuta riziki, na watu wakanung'unika. Alifariki mwaka 1935, lakini wanafunzi wa Riyadha walikwisha enea, wakafungua vyuo katika pwani na bara. Kila mwaka Maulidi ya Lamu huwakusanya watu kutoka nchi mbalimbali, na wengi wao ni matunda ya mlango ule.

Lamu na Oberlin hazikujuana, dini zao ni mbali mbali, na moja ina mchanga ambapo nyingine ina theluji. Lakini heshima yao imetoka mahali pamoja. Nilitunga ubeti huu nikiwa kwenye gari, vidole vimekufa ganzi:

Mji si wingi wa nyumba, wala urefu wa kuta,
Wala si watu kutamba, na mali waliyopata,
Ni mlango wenye kamba, mgeni akiuvuta,
Hufunguka akapita, akaketi kama kwake.

SWALI LA MPWA WANGU

Usiku wa mwisho, baada ya isha, nilimuuliza kijana waziwazi. Nikamwambia: "Mama yako ataka kujua kama utarudi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, mimi kurudi sina wasiwasi nako. Huku nilipobisha hodi waliniuliza najua nini, na nataka kusoma nini. Hawakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Lakini wenzangu waliotangulia kurudi nyumbani wamezunguka na vyeti ofisi hadi ofisi, na swali la kwanza lilikuwa hilo hilo: wewe ni wa nani? Mwambie mama mimi ni mwanawe. Mswala wauona, na kikoi nimekivaa. Lakini nawe niambie, mjomba, nikirudi nitafunguliwa?"

Nilimtazama. Nilikumbuka Profesa Ali Mazrui wetu, aliyesomesha miaka mingi Binghamton, jimbo la New York, akafariki mwaka 2014, na mwili wake ukarudishwa Mombasa ukazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Tulijitokeza kwa maelfu kumpokea maiti. Ni jambo la heshima, na nitalisifu daima. Lakini kijana yule hakuwa akiniuliza habari ya kaburi. Aliniuliza habari ya meza ya kazi, ya darasa la kusomesha, ya mtu wa kumsikiliza akiwa hai.

Dada yangu nilimpelekea jawabu lake. Nilimwambia kwamba mtoto ni wake, mzima, anasali, na pilau yake inashika chini. Alilia, kisha akacheka. Lakini swali la mtoto si la dada yangu peke yake, ndiyo maana nimelileta katika ukurasa huu. Wewe mwenye ofisi, wewe msimamizi wa madrasa, wewe mwenye kampuni ya uchukuzi pale bandarini, wewe mzee wa kamati ya msikiti: hapana haja ya kungoja tajiri wa New York atuwekee sharti, wala hapana haja ya kura. Akija kijana mlangoni na cheti chake, awe ametoka Ohio au ametoka Riyadha, awe wa ukoo unaojulikana au wa kijumba cha makuti nyuma ya mji, usimuulize kwanza ni wa nani. Muulize anajua nini, kisha umpishe akae.